Mikono Iliyogusa Loki za Pikapu Nyekundu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa na shahidi mwenyewe, mbele ya afisa wa zamu.

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichoacha kaunta. Kazini naitwa Mama Ndoo.
Umri: miaka 53.
Elimu: darasa la saba.
Kazi: usafi na chai, ofisi ya mradi wa maji.
Makazi: nyumba za nyuma ya soko, chumba cha tatu kutoka bombani.
Tarehe: Alhamisi, tarehe 16. Nimeanza kuandika saa 4:05 asubuhi.

Afande, salamu kwako, na kwa mkuu wako ambaye najua atayasoma haya. Habari za kazi, na za afya? Nimekusikia unakohoa tangu nilipoingia. Mungu akuondolee hicho kifua. Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia, ndiyo maana nimekuja bila kuitwa. Umeniambia niandike nilichokiona kwa macho na nilichokifanya kwa mikono, ya kusikia niyaache. Nitajitahidi.

Nimekuja kwa ajili ya dereva wetu, yule tunayemwita Taratibu. Mnamshikilia tangu juzi Jumanne jioni kwamba aliharibu kwa makusudi pikapu nyekundu ya mwalimu mstaafu. Hakuharibu. Aliyesababisha ni mimi, kwa kutojua. Nimeona niliseme hilo mwanzo kabisa, nisije nikalizunguka hadi nikaingiwa na woga.

Mradi wetu unapeleka maji vijiji kumi na kimoja vya kule juu. Gari letu la zamani lilikufa mwezi wa kumi mwaka jana, na tangu siku hiyo mafundi wanapanda na mabomba mabegani. Mara ya mwisho bomba lilipopasuka, watu walikaa siku tisa bila maji. Sasa imepatikana nafasi ya kununua pikapu moja, na zililetwa tatu, zote za kimo cha kati, za milango minne. Nyeupe na ya kijivu zilitoka yadi ya magari. Nyekundu ni ya mwalimu mstaafu, anaiuza mwenyewe, na anaipenda kama mtu anavyompenda binti yake wa mwisho.

Katibu wetu ni mama asiyependa maneno mengi. Alisema, "Hatununui kwa sifa. Tutapima." Akaitwa fundi wa gereji ya jirani awe mpimaji.

Fundi huyo ana namna yake. Kila pikapu ibebe mzigo uleule: mabomba kumi, magunia mawili ya mchanga, na mimi kiti cha nyuma. Nikamuuliza, "Baba, mimi na mchanga tunahusianaje?"

Akasema, "Mchanga ukiumia hausemi, mama. Wewe utasema mpaka tuchoke."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Tena alifunga ndoo ya maji kule nyuma, imejaa, haina kifuniko. Gari likimaliza uwanja wa mawe anachovya rula kuona yamebaki maji kiasi gani. Alisema gari linalomwaga maji litatingisha na viungio vya bomba mpaka vifunguke. Na kabla ya hapo alizilaza nje kwa baridi pikapu mbili za yadi, siku mbili, aone kama zitawaka kwa ufunguo wa kwanza. Zote ziliwaka. Ya mwalimu hakuilaza, maana mwalimu hakutaka ilale kwa watu.

Mnamo Jumanne tarehe 14, saa 12:30 asubuhi, nilikuwa nafagia ngazi za ofisi. Mwalimu alifika na pikapu nyekundu. Nilimwona kwa macho yangu akiinama kwenye gurudumu la mbele la kulia, kisha la kushoto, akizungusha kitu kwa vidole. Nilidhani anaangalia upepo. Akakabidhi ufunguo, akaingia ndani kutia sahihi.

Saa 12:50 katibu aliniambia nizioshe pikapu zote tatu, kwa kuwa fundi alitaka kuona chuma bila matope. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa uani. Taratibu alikuwa bado hajafika, aliingia getini saa 1:25 na mimi ndiye niliyemfungulia.

Pikapu nyekundu niliiosha mwisho. Katikati ya kila gurudumu la mbele ina kitu cha duara, kama kifuniko kidogo, kina mshale na maneno ya kigeni mawili. Cha kulia kilikuwa na matope yaliyokauka. Nikachukua mswaki wangu wa zamani, ule wa kusugulia kona, na sabuni ya unga. Nikakizungusha nipate kusugua chini ya mshale. Kikazunguka kidogo, kikagota, "ka." Kilipendeza. Nikaenda kushoto, nikakizungusha na hicho vilingane. Afande, hiyo ndiyo tabia yangu, Mungu anisamehe. Hata vikombe vya ofisi vishikio vyake nimevipanga vyote vitazame upande mmoja. Nilidhani ni urembo wa gurudumu.

Kumbe ndizo loki. Mwalimu alikuwa amezifunga ili magurudumu ya mbele nayo yavute. Mimi nimezifungua.

Tuliondoka saa 1:40. Taratibu aliendesha zote tatu ili mkono uwe mmoja, kwa njia ileile: uwanja wa mawe, kuvuka mto, kisha mlima. Wengine walitufuata kwa gari la katibu.

Pikapu nyeupe ilikwenda kama kitanda. Kwenye mawe ndoo ilibaki karibu kujaa, na mimi nilisinzia. Mtoni ilipita. Lakini kwenye ule mlima wanaouita Goti, kwa sababu watu huupanda mikono ikiwa magotini, iliwasha taa ya njano, nguvu ikapungua, ikasimama. Taratibu akazima, akasubiri, akawasha, ikapanda. Fundi akakuna kichwa. "Gari zuri," akasema. "Sasa hiyo taa ikigoma kuzimika kule juu, nani atapanda na kompyuta kuibembeleza?"

Ya kijivu ina nguvu, sitasema uongo. Goti iliupanda bila kuomba msaada. Ila ni ndefu na tumbo lake liko chini. Kwenye mawe ilijikwaruza mpaka nikakunja miguu kama vile ni mimi ninayekwaruzwa, na bomba la moshi likapinda. Ndoo ilibaki nusu.

Zamu ya nyekundu ilianza saa 5:15. Kabla ya kuondoka, Taratibu alimuuliza mwalimu, nami nikiwa tayari nimekaa kitini, "Mwalimu, loki za mbele umefunga?"

Mwalimu akajibu, "Nimefunga kwa mkono wangu. Wewe endesha."

Taratibu akasema, "Haya, mzee wangu." Hakuinama kuangalia. Mtu mzima amekwambia amefunga, utamkagua? Mimi nilikuwa nachungulia upande mwingine nikitafuta kitambaa changu, na maneno yale hayakunigusa hata kidogo.

Kwenye mawe pikapu ile ilinirusha. Ndoo ilibaki robo, na fundi aliandika. Mtoni ilipita juu juu, maji hayakugusa hata mlango. Hapo wenzetu wakashuka kunywa chai. Nimesikia mwalimu amewaambia kwamba Taratibu alibaki peke yake na gari kwa robo saa na ndipo alipozichezea loki. Hakubaki peke yake. Mimi nilikuwa ndani, magoti yalinikatalia kushuka. Aliteremka, akanawa uso mtoni, akakaa juu ya jiwe akala mkate. Alinimegea kipande kupitia dirishani. Gurudumu la mbele hakulisogelea.

Saa 6:20 mchana tulianza kupanda Goti. Katikati, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, changarawe zikiruka. Taratibu akavuta ile gia fupi ya pili, ya kuvutia magurudumu yote. Hakuna kilichobadilika. Akasema polepole, kama anavyosema kila kitu, "Mbona ya mbele haivuti?" Gari likaanza kurudi nyuma. Kulia kwetu palikuwa na ukuta wa udongo. Kushoto kulikuwa na korongo, na mimi nilikuwa nimekaa kushoto.

Alisema, "Mama, shika kiti. Naliegemeza kwangu."

Akakata usukani, ubavu wa upande wake ukaingia ukutani. Mlango wake ukabonyea, taa ya nyuma ikavunjika, mkono wake ukabanwa. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama nimeumia. Afande, mtu anayetaka kuharibu gari la watu hachagui liharibikie mwilini mwake.

Nilikalishwa pembeni ya njia kwa sababu ya kizunguzungu. Waliyozungumza kwenye magurudumu sikuyasikia vizuri. Nilichosikia ni mwalimu akipaza sauti, "Umelipwa na watu wa yadi, wewe!" Na Taratibu akijibu, "Mwalimu, siku nikilipwa nitakuja na viatu vipya, utaniona." Yeye ndivyo alivyo, hata akiwa na maumivu atatafuta la kuchekesha. Mwalimu hakucheka. Saa 10 jioni polisi walikuja ofisini wakamchukua.

Sasa linakuja lile la kuniaibisha. Jana Jumatano saa 9 alasiri fundi alikuja kutoa taarifa kwa katibu. Nilikuwa namimina chai. Alichora gurudumu kwenye karatasi, katikati akachora kifuniko na mshale, akasema, "Zote mbili zilikuwa wazi. Kitu hiki hakijifungui chenyewe." Nilikitambua kile kifuniko kabla hajamaliza kuchora. Chai ikamwagikia sahani. Katibu akaniuliza, "Vipi, mama?" Nikasema, "Ni moto tu."

Nilinyamaza. Nilijiambia niseme nini, nina miaka kumi na saba pale, watanifukuza. Nilienda nyumbani nikasali, na kila nilipofumba macho nilimwona Taratibu akila ule mkate. Nikaona sala yangu haiendi popote maana nimeibana na uongo. Leo asubuhi nikamwambia katibu. Akasema, "Vua aproni, mama. Nenda kituoni sasa hivi. Chai tutajipikia."

Nilipofika hapa nilikueleza kwa mdomo, nawe ukatoka nami uani ilikoegeshwa pikapu nyekundu. Umejionea mwenyewe: chini ya mshale wa kulia kuna sabuni ya unga iliyogandia, na uzi wa mswaki umenasa. Ukaniambia nizungushe kama siku ile. Nikazungusha. Ukasikia "ka" kwa masikio yako.

Mwalimu naye simlaumu. Alifunga kweli, nilimwona, na ukweli huo namshuhudia yeye kama ninavyomshuhudia Taratibu. Wote wawili walisema kweli, ila katikati yao nilipita mimi na mswaki.

Sijui pikapu ipi inatufaa, hiyo ni kazi ya fundi. Kamati inakaa Jumamosi, na kwenye karatasi ya fundi, pikapu nyekundu imeandikwa kwamba imeshindwa Goti. Si haki. Haijawahi kuupanda ikivuta kwa miguu yote minne. Ile nyeupe ni laini na ya kijivu ina nguvu, lakini vijiji kumi na kimoja vinastahili kuchaguliwa gari kwa kipimo cha kweli, maana wakikosea sasa, tutakaa na kosa hilo miaka kumi. Mimi nitapanda tena nikiambiwa. Magoti yatalalamika, yatazoea.

Kama kuna adhabu, iandikwe kwa jina langu. Kama naweza kuulipia ule mlango uliobonyea kwa kufanya kazi, nitauosha huo mlango, nitapiga na rangi nikionyeshwa.

Yangu yanaishia hapa. Nimeyaandika kwa hiari, sikuahidiwa wala kutishwa, na Mungu ananiona. Ombi langu ni moja: naomba mnijibu mapema, leo hii ikiwezekana, kama Taratibu anatoka au hatoki. Mkewe yuko kwenye benchi la nje tangu saa 2, amebeba shati safi.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi, na dole gumba la kushoto)
Muda wa kumaliza: saa 5:50 asubuhi.

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni yake. Nimekagua loki nikiwa na shahidi na nimekuta kama alivyoeleza. Fundi ameitwa, amethibitisha. Mlalamikaji amefika saa 7:10 mchana, ameyasoma yote mara mbili. Ameomba kuonana na mtuhumiwa. Wamezungumza mbele yangu, mlalamikaji akiwa amesimama na mtuhumiwa akimsihi akae. Malalamiko yameondolewa kwa maandishi. Pande zote zimekubaliana gari litengenezwe Ijumaa na kupimwa upya Jumamosi alfajiri, kabla ya kikao cha kamati, dereva akiwa yuleyule kwa ombi la mlalamikaji mwenyewe. Shahidi hana kosa la kujibu.

Mtuhumiwa ameachiwa saa 8:15 mchana. Shahidi nimemjibu kwa mdomo saa 8:16.