Plasta ya Nkwimba

Jumanne, Bariadi. Joto, vumbi, na mvua imegoma tena.

Simwamini mtu mwenye begi jipya. Tangu biashara iachiwe huru, wanunuzi wa pamba na wauza dawa wanashukia Malampaka kwa treni, na wote wanatabasamu namna moja.

Huyu wa safari hii anauza plasta za vidonda. Zinafanana na jeli ngumu. Alinieleza kwa subira: ni polima, molekuli ndefu zilizoungana kama mnyororo, zimetengenezwa kwa pamba. Zimebuniwa zinywe usaha, zivimbe, na kuachia dawa polepole. Nilitumbukiza kipande kwenye glasi ya maji. Kikavimba kweli.

Dada yangu Nkwimba, wa kijiji cha Sapiwi, ana kidonda cha mguu. Daktari amesema kikifika mfupani, mguu unakatwa. Nkwimba alinunua boksi kwa huyo mwenye begi Jumamosi, nami nikiwepo.

Leo nimekwenda kumwona. Plasta nyembamba vilevile, kidonda kimelowa.

Nikajua: sampuli nzuri ya kuonyesha, takataka ya kuuza. Kichwa cha habari ya gazeti letu nilikuwa nacho tayari.

Halafu nikasikia harufu ya samli.

"Nilipaka kwanza," alisema Nkwimba. "Bandeji za zahanati zinang'ang'ania, zinatoka na nyama. Hata ng'ombe tunampaka."

"Mafuta yamezuia plasta isinywe, dada."

"Ungesema Jumamosi. Wewe si ndiye msomi? Hujawahi kuuguza hata kuku."

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya Kiingereza. Mstari wa pili: kidonda kisiwe na mafuta.

Karatasi hiyo niliishika Jumamosi. Nilitafuta tarehe ya kuisha muda na anwani ya kiwanda. Maelekezo sikuyasoma.

Mwenye begi naye alinieleza mimi habari za molekuli. Lakini hakumweleza mgonjwa habari za mafuta.

Tumechemsha maji, tumeosha kidonda taratibu mpaka samli ikaisha, tumebandika plasta mpya. Nkwimba aliuma khanga, hakulia.

Habari sijaituma. Wala sijaichana.

Kesho asubuhi narudi Sapiwi. Plasta ikiwa imevimba, nitaandika kuhusu ile karatasi, na nitajitaja. Ikiwa nyembamba, nampandisha Nkwimba gari la hospitali kabla ya kumtafuta mwenye begi.

Bado simwamini. Ila kwa siku tatu ulizopoteza mguu ule, wenye kosa tulikuwa wawili, yeye na mimi.