Kaktasi ya Ndoana Nyumbani Rangwe

Jumamosi, 8 Februari
Sukuma nimemwagilia. Redio nimeigombeza, kama kila asubuhi. Kisha nikamzungukia tena kaktasi niliyemnunua jana Migori kwa Hamisi, muuza vifaa vya ujenzi. Alikuwa amemweka kuzuia mlango wa duka usijifunge. Kaktasi pipa, wa kuzuia mlango! Nilimfokea. Akacheka: "Mama, lete chochote umchukue, amenichania kanzu mbili."
Mnene kama chungu. Mbavu wima. Katika kila kundi la miiba, mmoja umepinda kama ndoana ya samaki mbuta. Nina furaha ya kipumbavu.

Jumatatu, 10 Februari
Mama mkwe, aniitaye binti wa Migori kwa Kijaluo, ameshatoa hukumu. "Nyar Migori, hii ni ojuok." Yaani mnyaa, ule wa kuzungushia boma, ambao maziwa yake hupofusha. Wajukuu wanakuja Pasaka. Ing'olewe.
Mwalimu mmoja wa kilimo kwenye kundi letu la WhatsApp akamuunga mkono, kwa kuona picha tu. Nikamwandikia aya nne. Akajibu kwa kidole gumba. Mwoga.

Jumanne, 11 Februari
Jaribio, hadharani, verandani. Sindano kwenye kitawi cha ojuok: maziwa meupe papo hapo. Sindano kwenye mmea wangu: tone la maji, basi. Nikamwonyesha mama mkwe pia jinsi kila kundi la miiba linavyoota kwenye kishungi kidogo cha manyoya. Mimea ya maziwa haina hicho.
Mama akachungulia sana. "Basi ni mgeni," akasema. "Akae."
Ushindi! Nimeimba hadi jikoni.

Alhamisi, 13 Machi
Kaktasi amelainika chini. Ananuka. Nimelia kwa hasira.
Nimejua sababu. Kila alfajiri mama mkwe humpa kikombe cha maji. "Kwangu mgeni halali na kiu."
Nilikuwa na hotuba nzima kuhusu jangwa na mizizi. Nimeimeza. Nilipokuja hapa bibi harusi, huyu mama alinipokea hivyo hivyo.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemng'oa. Nimekata uozo wote mpaka nyama safi ya kijani. Mama alimshikilia kwa gunia, akimpa pole kwa Kijaluo. Sasa amelazwa kivulini kidonda kikauke.
Jirani anataka kutuletea mchanga wa Osiri. Mchanga wa machimbo ya dhahabu, wenye zebaki, karibu na sukuma yangu! Nilimsomea mpaka chai yake ikapoa. Mchanga wa mto na kokoto vinatosha.

Jumapili, 30 Machi
Amepandwa upya, chini ya paa. Mvua imeanza. Maji ni marufuku hadi atoe mizizi.
"Hata tone, Nyar Migori?"
Hata tone, mama.
"Yawa! Wageni wa siku hizi."
Sidhani ataishi. Hilo naandika hapa tu. Verandani nasema ataishi, na kwa sauti.

Jumatano, 25 Juni
Mama ameniita kabla ya chai. Utosini mwa kaktasi, katikati ya manyoya, miiba mipya. Myekundu, bado laini. Aliigusa kwa ncha ya kidole, kisha akasogea nami niguse. Matone ya mvua ya usiku yalikuwa bado yakidondoka kutoka kwenye mabati. Tulikaa pale, bega kwa bega, hadi jua likatufikia miguuni.