Kilicho Chini ya Kitanda cha Mama

Amarillo, Texas
Jumapili, baada ya misa

Kwako Yaya Furaha,

Nakusalimu wewe kwanza kama dada yetu mkubwa, kisha shemeji na watoto. Natumaini goti limepungua uvimbe na kwamba mvua haijaingia tena darasani kwako. Huku sisi ni wazima, mimi, Esther na watoto. Baridi imelegea, upepo haujalegea, na mji mzima unanuka ng'ombe kama ulivyonuka siku tuliyofika.

Barua hii nimeiandika kwa mkono, nikaipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuituma kwenye namba yako mpya, kwa sababu simu ya Mama hupokewa na Kasongo. Sikutaka kukupigia. Ungeanza kulia, nami ningesahau nusu ya maelezo. Isome ukiwa peke yako, na usifanye lolote kabla hujafika mwisho.

Jambo lenyewe ni hili. Chini ya kitanda cha Mama kuna kirusha mabomu, ile silaha ya begani wanayoiita RPG, na mabomu yake matatu. Ameyaweka mdogo wetu Kasongo. Mama ameambiwa ni bomba la maji na vipuri vya pampu.

Nitakueleza nilivyojua. Jumatano iliyopita Kasongo alinitumia picha na sauti. Alikuwa anachimba msingi wa chumba kipya nyuma ya nyumba, upande wa reli, pale ambapo wakati wa vita askari walikaa na sisi tukahamia Zongwe kwa mjomba. Jembe likagonga turubai, na ndani ya turubai ndimo vilimokuwa. Sauti yake nimeisikiliza mara nyingi, nainakili kama ilivyo: "Yaya Ngoy, angalia hii. Njo kitu ya kweli, hapana mchezo. Nimeona mu video, wazungu wanaikusanyaka tu kama masahani, wanacheka, wanaisafisha, wanaipigia picha. Wewe uko kule. Nitafutie muntu moja mwenye kuipenda."

Kwenye picha vitu vyote vimepangwa juu ya kitenge cha njano nilichomtumia Mama mwaka jana. Nyuma naona mguu wa kitanda na ndoo ya sabuni. Kwa hiyo sibahatishi ni chumba kipi.

Utanishangaa kwamba sikumkemea palepale. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ya redio hapo Kalemie nilijifunza kuuliza kwanza. Nilitaka nimjibu kwa sheria, si kwa hofu, kwa sababu hofu yangu huwa anaicheka. Na mtu wa kumwuliza ninaye.

Kiwandani kwetu tunakata nyama. Kila mmoja ana visu vyenye namba yake. Unavichukua asubuhi, unavirudisha ukitoka, na huruhusiwi kuingia navyo chooni. Anayevinoa ni mzee mmoja aitwaye Dale, fundi mwenye ndevu za kijivu, ambaye nyumbani kwake hukusanya visu na silaha za zamani kama wengine wanavyokusanya stempu. Wakati wa chakula hukaa na Hector, mkataji mwenzangu, na mazungumzo yao ni hayohayo kila siku. Mimi huitwa Kongo. Alhamisi nikamwuliza Dale, kama mtu anayepiga soga tu, kama ni kweli raia wa hapa anaweza kumiliki kirusha mabomu.

"Anaweza," akasema. "Cha kwangu kiko ukutani, juu ya televisheni. Serikali imeniruhusu. Mke wangu ndiye bado anafikiria."

Hector akasema, "Mwambie na habari ya kisu."

"Aa, kisu! Sikiliza, Kongo. Si miaka mingi iliyopita, katika jimbo hilihili, mimi mwenye karatasi za kirusha mabomu ningekamatwa barabarani kwa kubeba kisu kirefu cha babu yangu. Siku hizi wamelegeza. Lakini kikizidi inchi tano na nusu usiingie nacho baa, wala shuleni."

"Na kile cha ukutani ukiingia nacho baa?"

"Wataninunulia bia wote, waone nikitoka haraka."

Walicheka mpaka mkubwa wa zamu akageuka. Nami nilicheka, Yaya, siwezi kukuficha. Halafu nikauliza moja moja. Dale akanieleza kwamba bomba la kurushia lazima liandikishwe serikalini kwanza, alama za vidole zichukuliwe, kodi ilipwe, na mtu asubiri kibali. Kila bomu lenye baruti linahesabiwa kama silaha peke yake, kwa hiyo kila moja lataka kibali chake, na ndiyo maana wao hurusha ya mazoezi yaliyojaa unga wa chaki. Wanapiga gari bovu katika shamba la mtu, mlango unapakwa rangi ya chungwa, wanabishana nani amelenga vizuri. Kuingiza kitu cha namna hiyo kutoka nchi za nje ni jela, kwa anayetuma na kwa anayepokea. Yale yaliyo kwenye video za Kasongo ni mabomba ya zamani yaliyotobolewa na mabomu yaliyotolewa matumbo. Ni maganda tu.

Jibu la Kasongo nilikuwa nimelipata hapo. Ningeweza kunyamaza. Lakini nikatoa simu nikamwonyesha Dale picha, nikasema ni ya mtu ninayemfahamu kwetu.

Mwanzoni alitabasamu. "Kitu cha Warusi hicho, au nakala yake." Kisha akaikuza picha kwa vidole viwili, akaacha kutafuna.

"Nani amevua hii kofia ya puani?"

Nikasema sijui.

"Na kwa nini yanang'aa hivi? Yametoka ardhini, siyo?"

Nikamwambia bila shaka ameyasugua, ili yapendeze mnunuzi. Akauliza kwa nini. Yaya, wewe wajua kwa nini, na mimi nilikuwa nimeijua ile ndoo tangu Jumatano bila kuijali. Ni majivu na mchanga, kama tulivyofundishwa kusugua masufuria pale mtoni. Mdogo wetu alichuchumaa uani akasugua bomu la vita kwa nguvu zake zote, kwa sababu wale wa kwenye video husema kilicho safi hununuliwa haraka.

Hector akaanza mzaha wake: "Mwambie anitumie sabuni hiyo..." Dale akamzuia kwa mkono. Akasema lile bomu lililovuliwa kofia, pua yake ndiyo inayoliamsha. Anguko moja la kutoka kitandani mpaka sakafuni linaweza kutosha, na linaweza lisitoshe. Hakuna anayejua, ndilo tatizo lake. Kisha akauliza swali moja tu: "Chumba hicho analala nani?"

Nikamwambia: mama yangu, na wajukuu wake wawili.

Dale alifunga chakula chake kabla hajakimaliza. Alirudi kwenye visu kabla kengele haijalia.

Nilimpigia Kasongo siku ileile. Nakuandikia aliyoyasema kwa sababu utamwona kabla yangu na ni haki ujue alivyo. Nilimweleza sheria ya huku yote. Akasema basi haidhuru. Nikamweleza ya kwetu, kwamba silaha ya vita ni ya jeshi, na raia akikutwa nayo anasimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Nilikaa katika vyumba vya mahakama hiyo nikiandika habari, nimeona washtakiwa walivyotoka. Akasema, "Mpaka waione." Nikamweleza habari ya kofia na ya mchanga. Hapo akacheka.

"Yaya, siku tatu nimeisugua. Ingelipuka ingekuwa imelipuka."

"Waondoe watoto chumbani leo."

"Wewe uko na kazi, yaya. Uko na gari. Mimi pikipiki injini imekufa tangu Noeli. Niko na nini?"

"Una watoto wawili wamelala juu ya bomu."

"Njo kwa sababu ya hao watoto nataka kuuza." Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike: "Na kama wazungu wako hawataki, kuna mwenye kutaka. Muntu moja wa njia ya Manono. Atakuja kuiona Jumatano."

Nikamwuliza huyo mtu naye anakusanya kwa kupenda tu? Akakata simu.

Unaijua njia ile. Unajua ni nani huko anayehitaji kirusha mabomu, na atamrushia nani. Mimi nimekwenda mara nyingi kuandika majina ya waliokufa baada ya mashambulizi, kijiji kwa kijiji. Kuna siku, karibu na Nyunzu, nilifika mahali ambapo muuza vyuma chakavu alikuwa ameligonga bomu kwa nyundo atoe shaba. Nilitafuta wa kumhoji, na aliyebaki mzima katika ua ule alikuwa mama mkwe wake tu, na masikio yake hayakusikia maswali yangu. Nilirudi redioni nikasoma habari kwa dakika moja, ikafuata ya bei ya samaki.

Kwa hiyo Ijumaa nilimpigia mwenzangu wa zamani wa redio, akanipa namba ya wategua mabomu wanaofanya kazi mkoani. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti tulivu. Aliniuliza mtaa, rangi ya mlango, idadi ya mabomu, lipi halina kofia, nani analala wapi. Niliuliza kama watataka jina la aliyeyaweka. Akasema, "Sisi tunafuata kitu, hatufuati mutu." Nikauliza na lile bomba. Akasema bomba ni silaha, silaha inachukuliwa na askari, na askari yeye hawaamuru.

Nilimpa rangi ya mlango.

Watafika Jumanne asubuhi. Sasa sikiliza unachotakiwa kufanya. Kesho Jumatatu nenda kwa Mama, umwambie goti limekuzidi na unamhitaji kwako siku mbili. Mchukue pia Zawadi, mke wa Kasongo, na watoto wote wawili. Mtu yeyote asikisogeze kitanda, asifagie chini yake, asichomoe sanduku lolote. Mama atataka kuchukua shuka. Mwambie zako zinatosha. Zawadi atauliza maswali. Mwambie ukweli mkiwa njiani, mlango umeshafungwa, si kabla.

Kasongo usimwambie, na Zawadi naye asimwambie. Nimelifikiria hili tangu Ijumaa na sioni njia nyingine. Akijua, atayafunga mabomu kwenye gunia na kuyahamisha kwa pikipiki ya kukodi, katika mashimo ya barabara ile. Kesho jioni mwite kwako arekebishe bati la jikoni, umlishe, alale. Jumanne asubuhi mpe kazi mpaka saa nne. Wakishaondoa, ndipo umweleze, na ndipo aende mwenyewe kwa askari, pamoja na shemeji na katekista, aseme neno moja: nilikuwa nachimba msingi. Shimo bado liko wazi, turubai iko palepale, asilifukie. Katika kesi nilizoandika, waliojileta na kuonyesha shimo niliwaona wengine wakirudi nyumbani. Waliokimbia sikumwona hata mmoja akirudi. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi, na wewe usimwahidi.

Yawezekana wakamweka ndani. Yawezekana kwa muda mrefu. Nimeyapima hayo nilipotaja rangi ya mlango, na ningeitaja tena leo. Usijaribu kunifariji juu ya hilo.

Atakapouliza ni nani aliyesema, jibu ni mimi. Usiseme ni jirani, wala usiseme hujui. Watu wa mtaa wataanza kushukiana na nyumba ya Mama itabaki peke yake. Sema, "Ngoy ndiye aliyepiga simu." Aliyelifanya jambo hili akiwa mbali hatapigwa, wala hatatukanwa mlangoni. Hasira yake yote aielekeze huku, nitaipokea.

Mama naye ataniuliza. Mwambie nilimwonea huruma mtoto wake mdogo, lakini yeye nilimwonea zaidi. Akikataa kusema nami kwa muda, usimlazimishe kushika simu.

Nisalimie shangazi anayeuza dagaa pale bandarini, na mjomba wa Zongwe akipita. Msalimie katekista wetu, na mwambie mapema kwamba Jumanne atahitajika. Wabusu watoto wa Kasongo, mkubwa na mdogo, wasijue kwa nini. Esther anasema anakuombea; mimi nasubiri simu yako.

Na Kasongo msalimie pia. Msalimie Jumanne saa tano, si kabla.

Mdogo wako,
Ngoy