Mafuta ya Mawese Kwenye Miguu ya Shefu

Ilala, Dar es Salaam
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa Dada Kasilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia kabla hujakaa vizuri. Goti lako la kushoto linaendeleaje na baridi hii ya Juni? Maharagwe mmeanza kung'oa, au bado mnangoja yakauke? Na shemeji Urbano, bado anabishana na redio kama vile mtangazaji anamsikia? Sisi huku ni wazima. Shemeji yako Crispin ameota kitambi na anasema ni maji ya Dar. Mimi joto limenitoa vipele mgongoni lakini nimeanza kuzoea.

Barua hii anakuletea Crispin mwenyewe. Anafuata magari ya mizigo mpaka mpakani Kobero, nami nimemwomba apitilize Muyinga akukabidhi mkononi. Utajiuliza kwa nini naandika wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Ndiyo sababu, Dada. Kwenye simu nimekudanganya karibu miezi mitano na mdomo umeshazoea. Tafadhali vaa miwani usome mwenyewe, usimpe Imelda akusomee.

Shefu alikufa. Alikufa katikati ya Januari, siku ya tatu tangu tufike hapa. Hajawahi kunenepa, hajawahi kupigana na paka wa ghorofa ya pili, na ile habari ya kuiba samaki wa jirani niliitunga nikiwa nimesimama jikoni na simu sikioni.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana unastahili kuijua yote.

Unakumbuka ulivyonipa wale paka wawili tulipojenga pale Magarama, Gitega, wakati panya wa mji ule walipotutobolea kila gunia. Walizaliwa ghalani kwako, juu ya mbegu zako. Yule dume tukamwita Shefu kwa jinsi alivyokuwa akikagua nyua za watu kama shefu wa kolini anavyokagua kilima anachokiongoza, na jike tukamwita Masera kwa ile kola yake nyeupe ya kisista. Hakuna aliyewahi kuwafungia mlango. Walitoka alfajiri, wakapita kwenye maharagwe ya jirani, wakarudi na umande hadi tumboni. Mimi nilifurahi kuwaona hivyo kuliko nilivyofurahia nyumba yenyewe.

Halafu Crispin akapata kazi huku. Tukapita kwako, mimi na kapu magotini, paka wamefunikwa kitenge wasiione njia. Sijasahau ulichoniambia uani kwako. Ulisema: "We Adventina, hawa paka uache hapa. Ghala yangu haina hata mmoja. Kule juu mu etaji watafanya nini?"

Nami nikakujibu maneno ambayo nimeyatafuna tangu siku hiyo. Nilikuambia, "Wewe umezoea kufungia, Dada. Mimi sitawafungia."

Ulinyamaza. Urbano akaangalia pembeni. Ukaingia jikoni, ukatoka na chupa ya mawese, ukanipa bila hata kununa. Ukaniagiza mambo mawili kama Mama alivyokuwa akifanya: niwapake mafuta kwenye nyayo ili wakijilamba wasahau kwao, na niwafungie siku saba nzima hata wakilia. Katika hayo mawili mimi nilibeba moja.

Tunakaa ghorofa ya nne. Kuna baraza nyembamba yenye vigae vyeupe na ukuta mfupi, nao umewekwa vigae juu yake. Siku mbili za kwanza Shefu na Masera walilia mpaka nikaziba masikio. Walikwaruza mlango wa baraza, walikwaruza mlango wa mbele, wakakataa hata dagaa. Nikawapaka mawese asubuhi, nikawapaka tena jioni. Siku ya tatu nikazidisha, nikidhani dawa ukiiongeza inafanya kazi haraka. Saa sita mchana joto likanishinda, kilio kikanishinda, nikafungua mlango wa baraza.

Masera alibaki kizingitini. Shefu akaruka moja kwa moja juu ya ukuta, vilevile alivyokuwa akiruka ule wa Magarama. Alitembea hatua tatu. Nikaona mguu wa nyuma unateleza kwenye kigae, akageuza kichwa kunitazama, na sikuwa mbali, Dada, nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango. Ule wa Gitega ulikuwa wa matofali yasiyopigwa plasta, unashika kucha. Huu ulikuwa kigae, na miguu nilikuwa nimeipaka mafuta mimi.

Mama Husni wa chini alikuwa anaanika nguo. Nilipofika alikuwa ameshamweka kwenye kanga yake. Moyo ulikuwa bado unapiga, ukapiga kidogo, ukaacha. Yule mama ni mtu mwema, hata hatukuwa tumejuana majina. Alimshika miguu akaniuliza mbona ina mafuta. Nikamwambia sijui. Huo ndio uongo wa kwanza, nao ndio uliozaa mingine yote. Tulimzika nyuma ya jengo, karibu na tangi la maji, na kanga yake aliniachia nimfunikie.

Jumapili iliyofuata ulipiga simu ukauliza, "Shefu amezoea?" Nikasema amezoea. Ningeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

Baadaye Imelda akaomba picha. Nikamtumia ile ya zamani, Shefu amelala juani, akanijibu, "Mama mdogo, huo si ukuta wa Magarama?" Nikamwandikia kwamba kuta zote zinafanana. Mtoto yule ana macho. Inawezekana hata wewe umeshajua na unaningojea, maana ndiyo tabia yako.

Lakini lililonichoma zaidi ni la Aprili. Uliniambia panya wameingia ghalani, wametafuna mbegu yote uliyoichagua, ile nyekundu uliyoitoa Giheta. Kisha ukacheka, ukasema Shefu angekuwepo angewatia panya wote mahabusu. Nami nikacheka na wewe. Nilicheka kwa sauti, Dada Kasilda, huku najua kati ya paka niliokunyima, mmoja yuko udongoni karibu na tangi la maji. Nilipokata simu nilijiona mtu mbaya, na sikuona namna nyingine ya kujiona.

Usifikiri ni mafuta yako. Nilinyamaza mwanzoni nikijiambia kwamba nakulinda, usije ukaona mawese yako ndiyo yamemuua. Hiyo ni nusu tu. Mafuta hayakumtupa, ni mlango uliofunguliwa siku nne kabla ya wakati, na niliufungua mimi ili kukuonyesha kwamba sifanani na wewe. Nusu ya pili ni kwamba niliogopa ule ukimya wako wa siku ile uani.

Masera yupo, huyu si wa kutunga. Baada ya msiba Crispin alileta fundi, wakaziba baraza yote kwa wavu wa kuku kuanzia chini hadi juu. Wapangaji wenzetu wanatuuliza kama tunafuga majogoo. Masera nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Ile chanjo ya kichaa cha mbwa aliyopigwa Gitega bado inamkinga; hapa daktari akamfunga uzazi, akanikemea kuhusu mafuta kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi. Alisema paka aliyezoea nje akihamia mjini akae ndani mwezi mmoja au zaidi, ajue kwanza harufu ya kwake, na baada ya hapo atoke na mtu wake tu. Kwa hiyo Masera ana mkanda shingoni wenye namba yangu ya simu. Nimemshonea kamba ya kitenge inayopita kifuani, na kila asubuhi kabla pikipiki hazijaamka tunashuka wote ngazi, yeye mbele, mimi nyuma kama mtumishi wake. Ananusa ukuta, anatafuna majani mawili matatu, tunapanda. Barazani nimemwotesha nyasi kwenye beseni. Panya hakuna, anakamata mende, ananiletea kitandani kwa majivuno yote.

Ila wiki tatu za mwanzo alilia kila siku. Nilikuwa nikitoka kwenda sokoni nafunga mlango, na kabla sijafika ghorofa ya tatu nasikia kucha zake. Siku moja nikashindwa kushuka wala kurudi. Nikakaa kwenye ngazi na kikapu changu kitupu, nikalia. Hapo ndipo nilipokuona wewe.

Nilikuona kambini, wakati ule wa ukimbizi. Mimi nina miaka mitano, wewe kumi na mitatu, Mama tumeshamzika. Asubuhi unaniwekea hindi la kuchoma, unanifungia ndani, unakaza mlango kwa waya, halafu unakwenda kutafuta kuni kule kulikokatazwa. Nilikuwa nakwaruza mlango ule wa mabati na kukuita majina mabaya. Siku moja ulipofungua nilikung'ata kidole gumba, na alama unayo mpaka leo. Miaka yote nimekua nikijua kwamba ulinifungia. Sikuwahi hata mara moja kufikiria ulikuwa unatembeaje barabarani huku nyuma unanisikia nalia. Na kama ungeniacha nikufuate, sijui kama leo kungekuwa na Adventina wa kuandika barua.

Sasa na mimi nina alama, kwenye kifundo cha mkono, kucha za Masera. Haijapona vizuri.

Nakuomba uamue wewe. Ghala lako lina kazi na Masera ni wa pale. Ukisema arudi, Crispin atamleta safari ya Agosti, nitampakia kapuni mwenyewe, bila mafuta. Ukisema abaki, nitamtunza na mlango utafungwa. Ukiniuliza mimi nataka nini, nataka abaki, ila nimeshachukua vya kutosha nilivyovitaka mimi. Crispin akimaliza kazi Kobero atapita tena kwako kuchukua jibu. Hata ukiwa na hasira nami, umwambie, nitaipokea. Ukiona vigumu kusema, mpe tu chupa ya mawese aniletee, nitajua mimi bado ni mdogo wako. Ya kupikia safari hii.

Msalimie shemeji Urbano, mwambie redio yangu pia ni mbishi. Mwambie Imelda macho yake ni mazuri, aendelee kuyatumia, na mama yake mdogo anamwomba radhi. Shangazi Jovina wa Makebuko akija kukutembelea mpe salamu zangu, na umfiche haya mpaka nije kumweleza mwenyewe. Mungu alishike goti lako, ayakaushe maharagwe yako kabla ya mvua ya bahati mbaya, na awafumbe panya macho wasiione mbegu ya mwaka huu.

Jambo moja la mwisho, nalo nilipaswa kukuambia tangu tukiwa kambini. Kila siku ulinifungia, hilo nimelisema mbele za watu mara nyingi. Sikuwahi kusema kwamba kila siku ulirudi ukanifungulia, na haikupita hata siku moja uliyosahau. Asante, Dada.

Mdogo wako aliyekung'ata kidole, naye anakupenda,

Adventina