Kiti Kinachoyumba

Walikale, tarehe 12 Februari 1955

Dada yangu mpenzi Pétronille,

Yesu asifiwe. Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na shemeji Albert na watoto wote, hata yule mdogo ambaye bado sijamwona. Je, mgongo wako umepata nafuu? Maharagwe yamechanua, au mvua ya mawe imeyapiga tena? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Baridi ya huko nyumbani Lushebere imenitoka mifupani, na siku hizi nakula sombe, yale majani ya muhogo, kwa mawese mengi kama mtu aliyezaliwa huku. Barua hii inaletwa na Jean-Bosco, yule mchuuzi wa mawese. Najua humpendi. Hata hivyo nakuomba umkaribishe ndani na kumpa chakula mpaka ashibe. Sababu utaiona mbele.

Habari ya kwanza ni ya furaha: nimepata mchumba. Anaitwa Adelaïde. Anacheka kabla hujamaliza kusema, na amenizidi urefu kidogo, kwa hiyo cheka sasa umalize, usije ukacheka mbele ya wakwe. Baba yake, Papa Séraphin, ni mwindaji anayejulikana katika vijiji vyote vya hapa karibu. Amekubali tuoane baada ya Pasaka, lakini kwa sharti moja: lazima mtu wa ukoo wangu aje kukaa mahali pa mama. Asipokuja mtu, hamtoi mtoto wake. Baba na mama hawapo tena, nami sina mwingine ila wewe. Nakuomba uje. Lakini usinijibu kabla ya kusoma mpaka mwisho, kwa maana kuna jambo ambalo huenda likakuzuia.

Kwanza nikueleze habari ya wavu. Huku watu hawawindi mmoja mmoja. Kila mwanamume ana wavu wake wa kamba za msituni, na siku ya kuwinda wanaziunga nyavu zote ziwe kama ua mrefu. Wengine wanawafukuza wanyama kwa mbwa waliovalishwa kengele za mti, mpaka wakimbilie kwenye nyavu. Papa Séraphin aliniambia tangu mwanzo kwamba mkwe wake atasimama na wavu aliousuka mwenyewe. Mimi, mtoto wa milimani, sijawahi hata kukamata panya.

Nilijifunza kufunga mafundo. Unanijua, dada. Mimi ndiye yule aliyekuwa akivuta kamba shambani ili mistari ya maharagwe inyooke, na mama akinicheka kwamba maharagwe hayatazami kamba, yanatazama mvua. Wavu wangu niliusuka, nikaona tundu moja limekuwa kubwa kuliko mengine, nikaufumua. Nikausuka tena, nikaufumua tena. Wenzangu walipoanza kuuliza, niliwajibu kwamba haraka haraka haina baraka. Miezi saba ikapita hivyo. Siku ya uwindaji mkubwa wavu ulikuwa mzima, umebakiwa na mafundo machache yaliyolegea. Nikaona haya kuutoa mbele ya watu. Niliuficha chini ya kitanda, nikasema umetafunwa na panya.

Walikuwa wamekwisha kuniwekea nafasi kwenye mstari, kati ya Papa Séraphin na kaka yake, nayo ikabaki wazi. Nguruwe mwitu akapita hapo hapo, akamwangusha Papa Séraphin na kumpasua paja. Walimrudisha kwa machela. Namshukuru Mungu kidonda kilipona, ila bado anachechemea asubuhi.

Jioni ile nilikwenda kumwona, naye akaniomba nimletee wavu uliotafunwa, apate kuutengeneza akiwa amelala. Nikashindwa kusema uongo wa pili. Niliuleta mzima kama ulivyo, nikapiga magoti. Aliupapasa fundo kwa fundo, nami nikingoja anifukuze na kuniambia nimsahau Adelaïde. Mwishowe aliniambia maneno ambayo nakuandikia kama alivyoyasema: “Mutoto yangu, wavu iko na fundo mbaya, nyama inaweza kupita ao inaweza kubakia. Lakini pahali hakuna wavu, inapita tu. Fundo mbaya tutakuonyesha. Pahali pa bure, nani atakufundisha nini pale?” Kisha akamtuma Adelaïde alete wavu wake yeye. Dada, ule wavu una viraka kama suruali ya mlevi. Kila kiraka anakijua ni cha mnyama gani.

Safari iliyofuata nilisimama na wangu. Paa mmoja alikuja moja kwa moja kwangu, akapenya pale pale palipolegea, akaenda zake. Nilitamani ardhi inimeze. Wanaume walicheka mpaka kijijini, na kwa kuwa mimi ni seremala wamenipa jina la Mlango. Papa Séraphin hakunifumulia wavu wote. Alinionyesha mafundo matatu tu, tukayafunga upya pamoja, yeye la kwanza na mimi mawili. Tangu siku hiyo sijanasa kitu, lakini napewa sehemu yangu ya nyama kama wengine, kwa sababu nafasi yangu haikuwa wazi.

Sasa nafika kwenye neno linalonichoma. Mwaka ule mama alipougua ulimtuma Jean-Bosco aje kuniita. Nilipofika mmekwisha kumzika, niliwaambia watu wote kwamba ujumbe ulinikuta umechelewa. Wewe ukamkasirikia Jean-Bosco, na mpaka leo akipita hununui mawese yake. Jean-Bosco hakuchelewa. Alitembea siku nne bila kupumzika, akanipa maneno yako siku ya Jumatano, wakati mama bado alikuwa hai. Ni mimi niliyekaa siku nane.

Nilikuwa namtengenezea kiti. Unakumbuka alivyotamani kiti chenye mgongo, aache kukaa kwenye kigoda. Sikutaka kufika mikono mitupu, na kiti kilikuwa karibu kuisha, ila mguu mmoja ulikuwa mfupi. Nikaurekebisha, ukawa mrefu. Nikapunguza mingine, kikayumba upande wa pili. Kila siku nilijiambia nitaondoka kesho. Siku ya nane nilikata tamaa nikaondoka bila kiti, na mikono mitupu vilevile. Mama aliniita, na mahali pangu kando ya kitanda chake palikuwa wazi. Jean-Bosco amejua yote hayo miaka mitatu, wala hakunitaja hata mara moja. Juzi nilimwomba msamaha, akasema anayepaswa kuombwa ni wewe kwanza.

Nisamehe, dada. Nimekukosea wewe, nimemkosea mama, nami namlilia mpaka leo. Barua hii nimeiandika mara moja tu. Doa la mawese unaloliona hapo juu ni la kidole changu, nimeliacha.

Kiti kiko hapa nyumbani kwangu, hakuna aliyewahi kukikalia. Ukikubali kuja, ndicho utakachokalia siku ya harusi, mbele ya wakwe. Bado kinayumba. Papa Séraphin amekwisha kuchonga kipande cha mti cha kuweka chini ya mguu ule mfupi.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na majirani wote wanaoniulizia waambie nawakumbuka. Mpe Jean-Bosco jibu lako, lolote litakalokuwa, na ikiwezekana umpe na maharagwe kidogo ya njiani.

Ni mimi ndugu yako mdogo akupendaye,

Nestor, anayeitwa Mlango