Vichwa Vitatu Havijaisha

Alhamisi, Aprili 2015

Samahani daftari langu, wiki tatu sijakugusa. Leo lazima niandike.

Shemeji, mwenye digrii yake ya biashara, hunicheka kila akija saluni. "Mama Neema, vichwa vitatu kwa mara moja? Hiyo si biashara!" Mimi kila mteja akiingia namsuka kwanza mistari miwili, asije akaenda kwa mwingine.

Leo wanaume wenye marungu wamevunja kioo cha saluni. "Wageni, tokeni!" Mwanangu Neema alikuwa mgongoni mwangu. Wateja wangu watatu, Wazulu wote, wenyeji wa hapa, wakaziba mlango, nywele zao zimesukwa nusu.

"Mkimuua, nani atamaliza kichwa changu? Wewe?" akafoka Gogo, bibi mzee mmoja wao. Rungu likampasua paji la uso. Hakusogea. Wale wanaume wakaenda kuvunja kwa jirani.

Shemeji alikuwa amejifungia chooni. Alipotoka alifagia vioo. Mimi nilikuwa nikimfunga Gogo paji kwa kitenge cha kumbebea Neema.

Naogopa. Lakini kesho nafungua, niwamalizie kuwasuka.

Dada yangu kule kwetu Lubumbashi anitumie: vitana vitatu, mkasi, pakiti kumi za nywele nyeusi, na kitenge kingine cha kumbebea Neema. Hiki kina damu ya Gogo, nimefua mara mbili haitoki.