Kwa Marehemu Niliyemkuta Clairwood

Mpendwa marehemu mume wangu,

Sijui nikupe salamu gani. Rehema za Mungu nilishakuombea miaka yote hii, na hali yako nimeiona kwa macho yangu. Umenenepa. Barua hii naiacha wazi kwa kuwa anwani yako sina. Mama Furaha ataileta, na asome akipenda.

Nilikuja Durban kukuaga, Bakari. Nimeposwa. Mwalimu Hamza, yule mgane wa mtaa wa nyuma, amekuja kwa heshima na wazee wamekubali. Nikasema sawa, ila kwanza niende nikasome Yasini kwenye kaburi la mume wangu. Nikafikia kwa Zuhura, shoga yangu, anauza madera hapa mjini. Kaburi tulilitafuta, hakuna aliyelijua. "Pumzika kwanza, tutauliza tena," akaniambia, akaanza kunitembeza. Nimepanda riksho ufukweni, mvutaji amejitwika mapembe na shanga mpaka hujui anaonaje njia. Nimekula mkate uliochimbuliwa ndani ukajazwa mchuzi wa maharage. Nilicheka, halafu nikaona haya kucheka katika mji uliokuzika.

Jumapili tukaenda Clairwood kuona Kavadi, sikukuu ya Wahindi. Mama Furaha, Mkongomani anayesuka nywele jirani na duka la Zuhura, alitutangulia. "Tusimame pale kwenye robot," alisema, ndivyo huku waitavyo taa za barabarani, "iko kivuli." Ee Bakari! Watu wazima wamechomwa sindano za fedha mashavuni, kulabu zimening'inia migongoni, wanatembea peku juu ya lami ya moto, na damu haitoki! Nikamng'ang'ania mkono.

"Usiogope, dada. Hawasikie maumivu. Iko imani."

Wenyeji walikuwa wakimwaga maji barabarani, nyayo za wenye nadhiri zisiungue. Mwanamume mmoja alimimina kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuweka mgongoni. Nikakumbuka baraza yetu Tanga, Ramadhani, ulivyokuwa ukiwanawisha wageni vile vile, nami nikikutania kwamba utadhani mhudumu wa hoteli ya kitalii. "Mgeni hunawishwa kwa adabu, Mwana," ulikuwa ukinijibu. Nikajiambia duniani wawili wawili. Lakini mdomo haukungoja, ukaita jina lako.

Ukainua kichwa.

"Unamjua?" Mama Furaha akashangaa. "Huyu ni Ben, iko anatengeneza malori Pinetown. Bibi yake ndiye ule wa sari ya kijani."

Sikulia. Nilikauka tu, Zuhura ananipepea kwa mtandio wake.

Nilikukalia eda, mwanamume wewe! Yule aliyejiita mwenzako wa chumba huku Durban ulikokuja kutafuta kazi alipotupigia simu, akasema umegongwa na lori na umeshazikwa alasiri ile ile, nani angebisha? Kwetu maiti haingoji. Tulisoma hitima, mama yako akagawa kanzu zako, mimi nikakaa ndani bila wanja wala manukato. Hakuna aliyedai kuonyeshwa kaburi. Ulitujua vizuri. Ulijua tutasema ni kazi ya Mungu, na hatutauliza zaidi.

Ukanivuta kando ya ukuta. Nilidhani utaomba radhi. Badala yake ukaninong'oneza, "Mwana, tafadhali. Olewa zako. Mimi hesabu nimekufa." Kisha ukaokota ndoo yako ukarudi barabarani, kama mtu aliyeulizwa njia na kuielekeza.

Mpaka leo chai hainishuki. Nina hasira nawe, na nina hasira na nafsi yangu, maana ulipoinua kichwa, kabla sijaelewa kitu, nilifurahi. Nilifurahi, Bakari! Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Zuhura anasema ninyamaze, nirudi Tanga niolewe, nani atajua? Nitajua mimi. Kwa Mwalimu Hamza siingii nikiwa mke wa mtu. Nimeshampigia asilete mahari kwanza, na mama yako nitamwambia mwenyewe kwamba mwanawe yu hai. Ukitaka kumfia tena, hilo utalimaliza naye.

Mimi nataka kitu kimoja tu. Maiti hana ruhusa ya kumwambia mtu aolewe. Talaka hutoka kwa mume aliye hai. Ijumaa, baada ya sala, njoo msikiti wa karibu na duka la Zuhura. Mashahidi wawili wamepatikana. Hakuna atakayekupiga, wala mkeo wa sari ya kijani hatasikia neno kutoka kwangu. Tamka mara moja, yatosha. Usipokuja, nitakufuata Pinetown mchana kweupe na kukuita kwa jina alilokupa baba yako.

Baada ya hapo nitakaa eda tena, ya pili kwa mume yule yule, na jambo hilo kwetu sijapata kulisikia. Ile ya kwanza niliikaa nikilia. Hii nitaikaa nikishona nguo yangu ya harusi.

Mkeo, mpaka Ijumaa.